Somo la Tisa: Magugu ya Uwanjani Wakati wa Kipupwe



Leo tutasoma juu ya kazi ambayo vijiji vingi huiahirisha mpaka mvua zinyeshe. Kazi hiyo ni kuondoa magugu katika uwanja wa majani. Tutaona kwa nini wakati wake ni kipupwe, yaani miezi ya baridi, na si wakati wa mvua.

Huenda utasema, "Uwanja wa majani ni mambo ya mjini. Sisi tuna mashamba ya kulima." Wanakisomo wangu nao walisema hivyo nilipowaletea somo hili mara ya kwanza. Niliwajibu kwa swali. Niliwauliza, "Zahanati yetu imezungukwa na nini?" Wakanyamaza kidogo, kisha mzee mmoja akacheka. Zahanati imezungukwa na ukoka. Shule imezungukwa na ukoka. Kiwanja cha mpira ni cha ukoka pia, ingawa mbele ya magoli pamebaki udongo mtupu.

Ukoka huo si pambo. Nchi yetu ina miteremko mingi. Mahali penye udongo mtupu, maji ya mvua huuchukua udongo na kuupeleka mtoni. Mama anayempeleka mtoto zahanati hukanyaga matope mpaka mlangoni. Kiangazi kikifika, matope hayo hugeuka vumbi. Ukoka hushika udongo, nao haupandwi kila mwaka.

Lakini uwanja usiotunzwa ni ghala la magugu, na ghala hilo halina mlango. Mbegu hutoka zikiwa zimeng'ang'ania nguo za watu na manyoya ya mbuzi. Nyingine hutoka na maji ya mvua. Mizizi nayo hutambaa chini kwa chini mpaka shamba la jirani. Hapo jirani huanza kupalilia magugu yaliyotoka katika uwanja wa watu wote. Uwanja ni wetu sote, lakini jembe ni la mtu mmoja. Mara nyingi mtu huyo ni mama.

BARIDI YA NCHI YA JUU

Somo hili linahusu nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kama vile Njombe, Makete na Mufindi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba na huisha Aprili au Mei. Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi. Asubuhi nyingine, hasa mabondeni, utaona sakitu nyeupe juu ya majani.

Baridi hii ni kali kwa mtu asiye na koti. Lakini si kama baridi ya nchi za kaskazini ya Ulaya, ambako theluji hufunika mashamba na ardhi huganda. Kwetu jua likipanda, sakitu huyeyuka, na mtu anaweza kuchimba siku yoyote.

Sasa angalia jambo moja. Ukoka hupenda joto. Baridi ikizidi, huacha kukua. Sakitu ikiupiga, majani yake hugeuka kahawia. Haujafa. Mashina yake yanayotambaa na mizizi yake yako hai, yanangoja joto. Tuseme mlinzi amesinzia. Magugu mengi hayasinzii pamoja naye. Hubaki kijani, hutoa maua, hukomaza mbegu.

Hiyo ni hasara, lakini ni faida pia. Wakati wa mvua uwanja wote ni kijani, nawe huwezi kutofautisha jani na gugu. Wakati wa kipupwe gugu hujitokeza lenyewe. Ukisimama kwenye kibaraza cha zahanati asubuhi ya Juni, utayahesabu magugu kwa macho. Tena mwezi huo udongo bado una unyevu wa mvua zilizopita, kwa hiyo mzizi hutoka mzima. Ukingoja mpaka Septemba, ardhi itakuwa ngumu kama tofali, na mzizi utakatikia chini.

KOSA LANGU

Kabla ya kukueleza njia nzuri, nitakueleza njia mbaya, maana niliifundisha mimi mwenyewe.

Mwezi wa Juni 2021 darasa letu lilikubali kusafisha uwanja wa zahanati. Upande wa chini wa uwanja kuna shamba la maharagwe la bibi mmoja ambaye ni mwanakisomo wetu. Mpakani palikuwa na sangari nyingi. Mimi niliagiza kila mtu aje na jembe. Tulilima ukingo wote kwa nguvu, tukakatakata mizizi, tukaimba. Jioni mpaka ulikuwa mweusi na safi. Takataka tulizirundika pale pale mpakani, upande wa shamba. Nilirudi nyumbani nimeridhika.

Mvua zilipoanza, bibi alikuja darasani amechelewa. Mkononi alikuwa na fungu la majani yenye mizizi myeupe mirefu. Aliyaweka juu ya meza yangu, akasema, "Mwalimu, ulinifundisha kuandika. Sasa sangari yako inaandika shambani kwangu, mstari baada ya mstari."

Darasa lilicheka. Bibi hakucheka. Alieleza kwamba kila mwaka maharagwe yake huyapalilia mara mbili. Msimu ule alipalilia mara nne, na bado hakuimaliza. Mjukuu wake wa darasa la tano alikosa shule siku kadhaa ili amsaidie.

Nilikuwa nimesahau jinsi sangari inavyoishi. Mzizi wake wa chini una mafundo kama muwa mdogo. Kila kipande chenye fundo moja kinaweza kuchipua na kuwa mmea kamili. Ukikata mzizi mmoja vipande kumi, hukuua kitu. Umepanda sangari kumi. Sisi tulikuwa watu kumi na wawili, na tulipanda alasiri nzima.

KUYAJUA MAGUGU

Usianze kazi kabla ya kujua unapigana na nani. Magugu ya uwanjani ni ya namna mbili. Yako yanayoenea kwa mbegu, na yako yanayoenea kwa mizizi. Kila namna ina dawa yake, na ukizichanganya utapata hasara kama yangu.

Kishona nguo unakijua. Mbegu zake ni nyeusi, nyembamba, zina vijimeno kichwani, na hushika sketi na suruali. Kinaenea kwa mbegu tu. Mmea mmoja mkubwa hutoa mbegu zaidi ya 1,000. Ukifukiwa udongoni, mbegu nyingine hukaa hai kwa miaka kadhaa zikingoja jembe lizirudishe juu. Kishona nguo hakihitaji jembe kabisa. Kishike chini, karibu na udongo, ukivute. Fanya hivyo mwezi wa Mei, kabla mbegu hazijawa nyeusi. Ukichelewa na mbegu zimekwisha kukomaa, usikivute kwa fujo. Leta gunia, inamisha kichwa cha mmea ndani ya gunia kwanza, kisha uvute. Watoto huipenda kazi hii, lakini wakague nguo zao kabla hawajaingia shambani.

Kuna gugu jingine lenye majani mororo na maua madogo ya buluu, ambalo wengi huwapa sungura. Hilo ni laghai. Hutoa maua mengine chini ya udongo, nayo huzaa mbegu huko huko gizani. Shina lake likiguswa na udongo wenye unyevu huota mizizi. Ling'oe na mizizi yake, kisha wape sungura mara moja. Usiliache limelala uwanjani.

Ndago iko zaidi sehemu za chini zenye joto. Majani yake hufanana na majani ya kawaida, lakini shina la ua lina pembe tatu. Lizungushe kwenye vidole utazisikia. Chini yake kuna viazi vidogo vilivyofungamana kwa nyuzi. Wakati wa baridi majani ya ndago hukauka, na watu husema imekufa. Haijafa, viazi vinalala. Kwa hiyo weka mambo mwezi wa Mei mahali ulipoiona, ili uchimbe hapo hapo majani yakishapotea.

Sasa turudi kwa sangari, ambayo ndiyo kubwa. Watu huichanganya na ukoka, na wengine wamewahi kung'oa ukoka mzuri wakaacha sangari. Angalia masuke. Suke la ukoka lina vidole vinavyotoka mahali pamoja, kama vidole vya mguu wa kuku. Suke la sangari lina vidole pia, lakini vimepangana juu ya kijiti, kimoja chini ya kingine. Kisha chimba kidogo. Ukoka una mashina mengi yanayotambaa juu ya ardhi. Nguvu ya sangari iko chini, na ncha ya mzizi wake ni kali kama sindano. Nimewahi kuona mzizi wa sangari umetoboa kiazi mviringo ukatokea upande wa pili.

USIPIGANE KATIKATI, LINDA UKINGO

Hapa nina shauri ambalo baadhi ya wenzangu hawalipendi. Mimi sasa nasema, sangari iliyo katikati ya uwanja iache. Ifyeke pamoja na ukoka. Ikifyekwa mara kwa mara, nayo ni jani. Inashika udongo kama ukoka, na mguu wa mgonjwa haujui tofauti. Ukiichimba katikati utaacha mashimo, na katika kila shimo kishona nguo kitaota. Sangari ina ubaya pale inapovuka kwenda shambani. Kwa hiyo nguvu yote iwekwe mpakani.

Mwezi wa Juni 2022 tulirudi kwenye uwanja ule ule. Safari hii bibi ndiye aliyekuwa msimamizi. Ukingo wa upande wa shamba ulikuwa na urefu wa hatua 48. Watu 12 waligawana, kila mmoja hatua 4. Tulifanya hivi.

Tulianza saa nne asubuhi, sakitu ilipokuwa imeyeyuka. Majani yaliyoshikwa na sakitu huvunjika yakikanyagwa, na nyayo hubaki kahawia mpaka mvua zije. Majembe ya kawaida yalibaki nyumbani. Tulitumia majembe yenye meno. Wasiokuwa nayo walitumia vijiti vilivyochongwa. Jembe lenye meno huinua udongo bila kukata mzizi. Ukiinua, shika mzizi kwa mkono uufuate taratibu, kama mtu anayefumua uzi wa sweta. Ukikatika, tafuta ncha yake kabla ya kwenda mbele. Kazi ni ya polepole. Hatua 4 zilimchukua mtu asubuhi nzima, na hatukuimba sana.

Tulichimba mfereji wenye upana wa jembe na kina cha shubiri mbili. Mizizi mingi ya sangari iko katika kina hicho, ingawa michache hushuka zaidi. Mfereji ukibaki wazi, mzizi unaotoka uwanjani hutokeza hewani nawe utauona. Mahali penye mteremko mkali usichimbe mfereji mmoja mrefu unaofuata mteremko, maana maji yataufanya korongo. Acha vizuizi vya udongo ndani yake kila baada ya hatua chache.

Mizizi yote tuliitia katika magunia. Tuliipeleka juu ya mwamba ulio nyuma ya zahanati, tukaitandaza. Haikuguswa na udongo. Upepo wa Juni na Julai ni mkavu, nao ulifanya kazi bila malipo. Baada ya wiki mbili bibi alichukua mzizi mmoja akaukunja. Ulipinda bila kuvunjika. Akasema, "Bado mzima huu." Wiki ya nne ulivunjika kama kijiti cha kiberiti. Ndipo tulipoichoma mahali pamoja, mbali na majani makavu. Kipimo hiki cha kukunja kila mtu anaweza kukitumia. Mzizi unaopinda una uhai.

Kabla ya kwenda nyumbani, kila mtu alikung'uta jembe lake na viatu vyake. Jambo hili linaonekana dogo. Lakini sangari nyingi husafiri kwa jembe la kuazima.

MAMBO MENGINE YA KIPUPWE

Wakati wa baridi usifyeke ukoka mpaka chini. Ufyeke mara ya mwisho mwezi wa Mei, uuache urefu wa vidole vinne. Majani hayo hata yakiwa makavu hufunika udongo, na mbegu nyingi za magugu haziwezi kuota bila mwanga. Usichome moto uwanja. Moto huondoa blanketi, na mvua za kwanza zikinyesha, magugu ndiyo yanayoamka mapema.

Usitupe samadi mbichi juu ya uwanja. Mbegu nyingi hupita katika tumbo la ng'ombe bila kufa. Samadi iliyorundikwa, ikapata joto kali ndani na kugeuzwa mara kadhaa, haina hatari hiyo. Sehemu zenye udongo mtupu zifunike kwa majani yaliyofyekwa yasiyo na mbegu. Vipande vya ukoka vya kuziba sehemu hizo vipandwe mvua zikianza. Ukivipanda Julai vitakaa tu, havitaota.

Sasa dawa. Kijana mmoja wa darasa aliuliza, "Mwalimu, kwa nini tusinunue dawa dukani, tupulize, tumalize?" Dawa za kuua magugu zipo, na wako wanaozitumia vizuri. Lakini fahamu haya. Dawa iitwayo 2,4-D huua magugu yenye majani mapana. Haiui sangari, kwa kuwa sangari ni ya jamii ya nyasi. Upepo ukiipeperusha, maharagwe na nyanya za jirani hujikunja na kuharibika. Dawa iitwayo glaifoseti huua sangari, lakini huua na ukoka, nawe utabaki na udongo mtupu kwenye mteremko. Tena wakati wa baridi mmea haukui kwa kasi, na dawa huingia polepole. Mtu huona gugu bado kijani, akaongeza dawa, akapoteza fedha.

Anayeamua kununua na anunue katika duka la pembejeo linaloaminika, dawa iliyosajiliwa, ndani ya chombo chake chenye kibandiko. Asikubali dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda. Hapa ndipo kisomo chako kinapokuwa na kazi. Soma kibandiko chote kabla ya kufungua. Kinataja kipimo, mavazi, na siku za kuzuia mifugo. Kama huelewi lugha yake, mwulize bwana shamba au bibi shamba kwanza. Kwenye uwanja wa zahanati, ambako watoto hutambaa, mimi sishauri dawa.

YALIYOTOKEA BAADAYE

Sangari haikuisha. Nasema wazi ili usije ukanidai. Mvua za mwisho wa mwaka 2022 zilipoanza, michipuko ilionekana mpakani. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watu wawili hupita kwenye mfereji na kuing'oa ingali michanga. Mwezi wa Februari 2023 watu walikuwa na shughuli nyingi, wakaruka zamu. Mwezi ule mmoja tulilipia kwa kazi ya siku mbili. Bibi aliandika majina ya zamu kwenye daftari, kwa mkono wake, na sasa asiyefika hutajwa darasani.

Msimu uliofuata bibi alipalilia maharagwe yake mara tatu. Uliofuata huo, mara mbili, kama zamani. Mjukuu wake hakukosa shule kwa sababu ya palizi. Kishona nguo kwenye uwanja kimepungua, ila nyuma ya choo cha zahanati bado kipo kingi, kwa sababu hakuna anayetaka kupewa upande huo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Sakitu: umande ulioganda kwa baridi. Ukingo: sehemu ya mwisho ya kitu, pembeni. Shubiri: urefu kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole kidogo, mkono ukiwa umekunjuliwa. Fundo: mahali kwenye shina au mzizi panapotoka chipukizi.

MASWALI

1. Kwa nini magugu huonekana kwa urahisi zaidi uwanjani wakati wa kipupwe?

2. Mwandishi alifanya makosa gani mawili mwaka 2021? Moja linahusu majembe. La pili linahusu takataka.

3. Hesabu. Uwanja una mimea 35 ya kishona nguo. Kama kila mmea utatoa mbegu 1,000, zitakuwa mbegu ngapi? Watu 7 wakigawana mimea hiyo, kila mtu atang'oa mingapi?

4. Hesabu. Ukingo wa uwanja wa shule yenu una hatua ngapi? Nendeni mkapime. Mkigawana sawasawa, kila mwanakisomo atapata hatua ngapi?

5. Leteni darasani suke la ukoka na suke la sangari. Chora yote mawili katika daftari lako.

6. Jadilini. Mwandishi anasema sangari ya katikati ya uwanja iachwe. Je, mnakubaliana naye? Mwenye shamba linalopakana na uwanja apewe nafasi ya kusema kwanza.